Baba Mdogo wa Kukodi

Mwezi wa pili mwaka huu Atong alinipa kazi moja tu: kusema.

Atong ni binti wa marehemu kaka yangu Nyuon. Alikuja akaketi karibu na jiko nilipokuwa nakunywa chai, akaniambia kwamba baada ya wiki tatu mchumba wake Jude na watu wake watakuja nyumbani kwetu Gudele kujitambulisha, na kwamba anataka mimi ndiye nizungumze mahali pa baba yake.

"Si Mzee Ater?" nikauliza, kwa matumaini makubwa.

"Baba mdogo, tukimwachia Mzee Ater, Jude atarudi Custom na zawadi zake zote. Unajua hivyo."

Nilijua. Mzee Ater ni binamu wa baba yetu, na ndiye mkubwa wa ukoo aliyeko Juba. Kwake yeye mwanamume anayeposa bila ng'ombe ni kama mtu aliyekuja bila suruali. Jude ni Mganda, anauza vipuri vya jenereta pale soko la Custom, na katika duka lake lote hakuna hata mbuzi. Mimi nikishindwa kusema, kiti kitakuwa cha Ater, na Ater atamaliza shughuli kabla chai haijapoa.

"Lakini mwanangu, mimi kusema siwezi."

"Wewe uko kwenye televisheni kila Alhamisi!"

Hapo ndipo watu wote wanapokosea kuhusu mimi, hata mtoto niliyemlea mwenyewe.

Mimi ni mtu wa haya. Hotelini siagizi chakula. Namwonyesha mhudumu kwa kidole sahani ya jirani, na kwa njia hiyo nimekula vitu vingi nisivyovipenda. Bodaboda akinipeleka njia isiyo yangu, simwambii. Nashuka alikonifikisha, namshukuru, narudi kwa miguu. Mke wangu Nyakim nilimposa kupitia kwa dada yake, na dada yake nilimwandikia karatasi.

Shule yangu ni ya msingi, darasa la nane, kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako mimi na Nyuon tulifika tukiwa wavulana. Nyuon ndiye aliyekuwa na mdomo. Alisema kwa ajili yetu wote wawili kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya unga, kwa walimu na kwa askari. Alipofariki kwa homa ya ini, miaka kumi na minne iliyopita, aliniachia Atong mwenye umri wa miaka tisa, na nadhani aliondoka na maneno yangu yote.

Nilirudi Juba na mtoto huyo, nikatafuta kazi isiyohitaji mdomo. Nikawa fundi wa viti vya plastiki hapo Custom. Kiti kikipasuka mgongo au mguu, natoboa matundu kwa msumari wa moto pande zote mbili za ufa, nashona kwa waya, nakaza kwa koleo. Kiti changu hakipendezi lakini kinakaliwa. Na kizuri zaidi, hakiniulizi habari za nyumbani.

Sinema ilinikuta nikiwa nimepiga magoti. Kulikuwa na watu wanapiga picha za filamu yenye matanga huko Gudele, wamekodi viti, viwili vikavunjika chini ya waombolezaji wanene. Wakaniita. Nikiwa pale chini na msumari wangu mkononi, mtu mmoja mwenye kofia akasimama mbele yangu. Ndiye Douglas, mwongozaji, kijana wetu aliyekulia Nairobi.

"Mzae," akasema, "hebu inua uso."

Nikainua.

"Hiyo sura umetoa wapi?"

"Ni yangu," nikasema, nikidhani kuna mtu ameipoteza.

"Wacha ikae hivyo hivyo. Usiiguse. Watu huwa wananiletea vijana wa kupaka masizi ndio wakae kama watu wabaya, na kumbe wewe uko hapa unashona viti!"

Inafaa nieleze sura yenyewe. Nilipokuwa mvulana nilianguka kutoka juu ya tangi la maji, na tangu siku hiyo nyusi yangu ya kushoto imelala na mdomo umevutwa upande mmoja. Nikifurahi, watu huniuliza nani amenikosea. Nikihuzunika, huonekana kama nina mpango. Mungu alinipa roho ya karani wa kanisa akaifungia ndani ya uso wa mtu aliyekula mali ya yatima.

Siku hiyo hiyo nilianza kazi. Nilicheza maiti. Marehemu aliyeandaliwa alikuwa ameondoka kwenda kazini kwake, kwa hiyo nililazwa mimi kwenye kitanda, nikafunikwa shuka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukaa mbele ya watu wengi bila mtu kunitazamia niseme. Nilitulia kiasi kwamba nililala usingizi, na usingizini nikakoroma. Douglas hakuwa na petroli ya kuwasha jenereta mara ya pili, kwa hiyo akina mama waliambiwa waongeze vilio. Ukiangalia filamu hiyo leo, utaona kwamba hakuna mtu Juba aliyewahi kuliliwa kama mimi.

Baada ya hapo nilipandishwa cheo, kama cheo ni neno lake. Nilikuwa mwizi wa pikipiki. Nilikuwa daktari wa uongo anayeuza chaki kama dawa. Nilikuwa mwenye nyumba anayeng'oa mlango wa mpangaji. Katika filamu fupi ya mambo ya afya nilikuwa mtu anayekunywa maji bila kuyachemsha, na picha yangu nikiwa nimeshika tumbo ilibandikwa kwenye matangi ya maji mpaka mtaa wa Sherikat. Nilipokwenda kuteka maji, akina mama walinipisha foleni yote. Hawakunipisha kwa heshima.

Watu huuliza mtu wa haya anawezaje kuigiza. Jibu ni rahisi: maneno si yangu. Douglas huniandikia, na kwa kuwa nasoma polepole, hunitumia pia kwa sauti kwenye simu. Nayasikiliza huku nashona viti, siku tatu, nne, mpaka yamekaa. Kamera ikiwashwa, anayesema ni yule mwovu, na aibu yote ni yake. Mimi nasimama nyuma yake, nimejificha vizuri.

Mara moja tu nilikosa pa kujificha. Ilikuwa mwanzo wa hii tamthilia ya Alhamisi, ambayo sasa ina miaka mitatu na hutazamwa hadi Uganda. Mimi ni baba mdogo mwovu wa msichana yatima; kila mchumba akija, namkataa, kwa sababu namtaka msichana abaki nyumbani anifulie. Siku ya mchumba wa kwanza nilipaswa kutoa hotuba ndefu ya kukataa. Nikafungua mdomo, hotuba haimo. Jenereta inanguruma, petroli inaisha, watu wananitazama. Mkono wangu, ambao haukutumwa na mtu, ukachukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele yangu ukakipindua juu ya sinia, chai ikamwagika yote.

"Hapo hapo!" Douglas akapiga kelele. "Usiongeze kitu!"

Tangu hapo kila mchumba anapinduliwa kikombe. Watoto wa mtaani wameniita Abu Kubaya, yaani baba wa kikombe, na jina langu Arkangelo limebaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Sifa nilizozipata ni hizi: kanisani, tukifika kwenye kupeana amani, jirani yangu hunipa vidole viwili. Pale Custom mama mmoja anayeuza dagaa alinipiga kofi la mgongo akasema, "Mrudishe yule mtoto shule, wewe shetani!" Nilimwambia nitamrudisha. Ningesema nini kingine?

Kwa hiyo Atong aliponiambia nizungumze siku yake, nilifanya nilichozoea kufanya. Nilikwenda kwa Douglas nikamwomba aniandikie maneno.

"Uncle, haya ni mambo ya familia," akasema. "Si useme tu vile unaskia kwa roho?"

"Rohoni sisikii kitu. Niandikie."

Akaniandikia ukurasa mzima, maneno mazuri ajabu, yenye mito miwili inayokutana na mkono unaoshikana na mkono. Wiki tatu niliyakariri. Nilivipanga viti vilivyoshonwa mbele ya kibanda changu, nikavihutubia.

Nyakim alinikuta jioni moja nikiwa katikati ya ile mito.

"Viti unaviambia vizuri," akasema. "Siku yenyewe kutakuwa na watu juu yake. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria kila usiku.

Siku ikafika. Tulikuwa tumesimamisha rakuba uani, nguzo na majani juu yake, na kugawa viti pande mbili. Upande wetu aliketi Mzee Ater na fimbo yake katikati ya magoti, na wazee wengine wanne aliokuja nao. Wazee hao hawana televisheni, na hata wangekuwa nayo wasingeitazama. Kiswahili pia hawajui. Nyakim aliketi nyuma yao awatafsirie. Atong alikuwa ndani na wenzake, kwa kuwa haikufaa aonekane kabla ya kuitwa.

Wageni walikuja kwa mistari miwili, wanaume kanzu na koti juu yake, wanawake gomesi zinazong'aa, na vikapu vya matunda vichwani. Mbele yao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kengele aliyeitwa Conrad. Nyuma yake alitembea polepole Mzee Silvester, kaka wa baba yake Jude, aliyetoka Uganda kwa ajili ya siku hii. Jude mwenyewe alikuwa amefichwa katikati ya vijana wenzake, ameinamisha kichwa. Mila yao inamkataza kufungua mdomo siku hiyo. Siku nyingine zote ningemwonea wivu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo hakuna aliyetueleza sisi wala wao. Kwa Waganda, siku hii wanaiita kwanjula, na ni mchezo mtamu. Kila upande hukodi msemaji. Baba na wajomba wa kweli hukaa kimya nyuma, wameshiba, huku wasemaji wawili waliolipwa wakitaniana: huyu anajifanya mkali, yule anajifanya mnyenyekevu, watu wanacheka. Kwetu hakukodiwi mtu. Anayesema ni ndugu wa damu, na akikataa, amekataa. Jude alidhani Atong ameliambia kundi letu habari ya wasemaji wa kukodi. Atong alidhani Jude ameliambia kundi lake kwamba kwetu husema ndugu, na kwamba ndugu mwenyewe ni mimi.

Nikasimama kuwakaribisha. Mzee Silvester akaniona, akashika kifua.

"Banange! Abu Kubaya!"

Mistari yote miwili ikavunjika. Wakaja kunitazama karibu.

"Ni yeye! Ni yeye yenyewe!"

"Hawa watu wametuheshimu, jameni. Wamekodi ule mzee ya televisheni!"

"Mimi namwogopa," mama mmoja wa gomesi ya kijani akasema, akicheka, akajificha nyuma ya mwenzake. "Angalia ile macho!"

Conrad akanishika mkono kwa mikono miwili, kama fundi anavyomsalimu fundi. Akaninong'oneza, "Ssebo, bwana, nimefurahi sana. Wewe fanya ukali, mimi nafanya unyenyekevu. Tusaidiane, sawa?"

"Mimi ni baba mdogo wa Atong," nikamwambia.

Akawageukia watu wake, amefurahi kama mtoto. "Mnasikia? Ameshaanza!"

Wakapiga makofi. Mzee Ater akamuuliza Nyakim kwa lugha yetu kwa nini wageni wanamchekea mwenye nyumba, na Nyakim, ambaye hupenda amani asubuhi, akamwambia ndivyo Waganda wanavyosalimia.

Tukaketi. Chai ikaletwa. Conrad akasimama akasema maneno yake kwa dakika kumi, kwamba wametoka mbali, kwamba barabara ilikuwa na mashimo, kwamba kijana wao ameona ua zuri katika nyumba hii na hawezi tena kula. Yalikuwa yanateremka kutoka mdomoni mwake bila shida, kama maji ya bomba ambalo mtu mwingine analipia. Kisha akainama mbele yangu, akaketi, na uwanja mzima ukanigeukia.

Nikasimama. Upande wa kulia simu zote zimeinuliwa juu, nyuso zimekwisha kutabasamu tayari kwa kucheka. Upande wa kushoto Ater na wazee wake wamekunja nyuso. Dirishani pazia likasogea kidogo, nikajua ni Atong.

Nikafungua mdomo. Maneno ya Douglas yaliondoka yote kwa pamoja, kama wageni walioitwa na mwenye gari. Mito ikaenda, mikono ikaenda. Nikatafuta hata neno la mwisho, nianze kwa nyuma. Halikuwepo.

Na mkono wangu ukashuka, ukachukua kikombe, ukakipindua.

Wageni wakaruka juu. Sijawahi kusikia vigelegele namna ile, hata katika harusi ambazo zimefanikiwa. "Amefanya! Amefanya!" Mama wa gomesi ya kijani alimkumbatia mwenzake. Mzee Silvester alifuta machozi ya kicheko.

Upande wa pili Mzee Ater alisimama, fimbo mkononi, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikaona meno yake.

"Khalas," akasema. "Amekataa. Sikumdhania. Twendeni."

Wale wazee wanne wakainuka pamoja naye. Ndani ya nyumba kitu cha bati kikaanguka sakafuni, na pazia likafungwa.

"Hapana!" nikasema. "Ngojeni. Sikukataa!"

Wageni wakacheka zaidi.

"Mimi ni baba yake kweli. Huu si mchezo, jamani."

"Anaweza, huyu mzee anaweza!" mtu akasema. "Angalia vile anafanya sura!"

Nilikuwa karibu kulia. Nimeshaeleza sura yangu inakuwaje nikihuzunika.

Nikasimama pale. Nilisema "Ndugu zangu," nikanyamaza. Nikasema tena "Ndugu zangu," sauti ikapanda juu ikavunjika kama ya mvulana wa darasa la saba. Nikatoa leso, nikafuta jasho, nikaiangusha, nikainama kuiokota, nikasahau kwa nini nimeinama. Nikasema "Chai," sijui kwa nini. Kicheko kikaanza kupungua, mmoja mmoja, kama watu wanaoondoka ukumbini filamu ikiwa mbaya.

Conrad alikuja karibu. Alininong'oneza kwa wasiwasi wa mtu wa kazi moja nami.

"Ssebo, endelea. Mstari wako iko wapi?"

"Sina mstari."

"Basi jaza! Sema Mungu iko mkubwa. Sema habari ya barabara."

"Siwezi."

Alinitazama uso, kisha leso iliyokuwa bado chini miguuni pangu. Akavua kofia yake. Akawageukia watu wake na kuinua mkono.

"Mzee Silvester, ngoja kidogo. Nyinyi wote, shusha hiyo simu. Mimi iko kwa hii kazi miaka kumi na mbili. Nimesema Masaka, nimesema Jinja, hapa Juba peke yake nimesema mara arobaini. Msemaji ya kukodi anaweza kusahau, lakini hawezi kunyamaza. Anajaza na Mungu, anajaza na mvua, anajaza na utani ya wakwe. Hii mtu haiko ya kukodi."

"Unajuaje?" Mzee Silvester akauliza.

"Kwa sababu iko mbaya sana, mzee wangu. Iko mbaya mpaka hakuna mtu anaweza kuilipa. Hii iko baba ya msichana."

Katika maisha yangu ya uigizaji nimesemwa mengi, lakini sijawahi kutukanwa kwa faida namna ile.

Mzee Silvester akainuka polepole, akaja mbele yangu, akainama. Hakuwa na kicheko tena usoni, alikuwa na aibu, na aibu mimi naijua.

"Ssebo, tusamehe. Kwetu baba hasemi. Baba anakaa nyuma kama mfalme, watu ya kazi ndiyo inasema. Sisi tulifikiri wewe iko mtu ya kazi. Basi sema. Sema vile unaweza. Sisi tunasikia."

Lakini wa kusikia hakuwa yeye. Mzee Ater alikuwa amefika kwenye nguzo ya mwisho ya rakuba, karibu na lango. Nikamfuata. Nilisema naye kwa lugha yetu.

"Mzee, rudi uketi. Sijakataa. Jude namkubali."

"Umemwaga chai mbele ya watu. Mimi nimeona, hawa wameona."

"Mkono uliogopa."

"Mkono uliogopa!" Akawatazama wazee wenzake. "Mmesikia? Mtu anayeogopa chai anawezaje kusimama mahali pa Nyuon?"

Sikuwa na jibu lililoandikwa. Nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti ndogo sana:

"Nimesimama hapo miaka kumi na minne. Wewe hukuja hata siku moja."

Mmoja wa wale wazee, ambaye masikio yake yamechoka, akaweka kiganja sikioni. "Nini? Sauti! Huku hatusikii."

Nilimtazama Nyakim. Nilitumaini atasema si kitu, tuendelee. Nyakim alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Mzee hajasikia," akasema. "Rudia."

Neno la ujasiri nililolisema mara moja katika maisha yangu, nikalazimika kulisema mara mbili. Mara ya pili lilikuwa gumu zaidi kwa sababu sasa nilijua linakuja. Lakini nilirudia, na kwa sauti, na nikaongeza: "Homa zake nimekesha nazo mimi. Shule nimemtafutia mimi, kwa kushona viti. Leo ameniomba neno moja, na neno lenyewe ni ndiyo. Ukiondoka, litabaki kuwa ndiyo. Lakini nakuomba usiondoke, kwa sababu baada ya hapo sina neno lingine, na wageni bado wapo."

Nyakim akawatafsiria wageni yote, bila kuombwa, hata lile la mwisho.

Mzee Ater alichora mchangani kwa ncha ya fimbo. Alinikasirikia, na bado ananikasirikia. Lakini mbele ya watu alikuwa ameulizwa alikuwa wapi, na mtu aliyeulizwa hivyo hana pa kwenda isipokuwa kwenye kiti alichokiacha. Akarudi akaketi. Wazee wanne wakarudi nyuma yake.

"Waulize hao," akamwambia Nyakim, bila kunitazama, "majina ya babu zao, na kama kuna wazimu katika ukoo."

Mzee Silvester akataja babu saba. Wazimu akasema upo kidogo, kwa upande wa mama, lakini ni wa kuimba tu. Kisha, katika kueleza ukoo wao unakaa wapi, akasema mashamba yao ya migomba yako ng'ambo ya malisho ya ng'ombe wao.

Ater akainua kichwa kabla Nyakim hajamaliza kutafsiri. "Wana ng'ombe?"

"Iko," akasema Mzee Silvester. "Jude alikuja mjini kwa sababu ya hizo jenereta zake. Lakini ng'ombe ya baba yake iko."

"Muulize pembe zao zikoje."

Mzee Silvester akasimama kuonyesha pembe kwa mikono yake, na mikono haikutosha, akamwita Conrad ashike upande mmoja. Ater akatikisa kichwa kwa dharau, akasimama naye kuonyesha za kwetu, akaita wazee wawili. Kuanzia hapo hakuna aliyenihitaji. Walizungumza pembe, rangi, na magonjwa ya kwato mpaka saa kumi jioni, Nyakim katikati yao amekauka koo. Nilihama kiti changu taratibu mpaka nikawa mstari wa nyuma kabisa, kando ya sufuria za pilau, mahali panaponifaa.

Atong akaitwa. Alitoka na wenzake, amefunga kitambaa cha bluu, macho mekundu lakini anacheka, akawasalimu wageni mmoja mmoja, na alipofika kwa Jude wote wakapiga vigelegele hata Ater akagonga fimbo chini mara moja.

Conrad akapanda juu ya sanduku la soda.

"Sasa," akatangaza, "baba ya msichana asimame, watu wamuone!"

Watu wote wakageuka. Mimi pia nikageuka, nikaangalia nyuma yangu kumtafuta, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta tu. Nyakim akanifinya paja.

Nikasimama.